Kutoka jaruba la chumvi hadi mashine ya eksirei: miaka 19 ya kusoma fuwele

Bibi yangu mzaa mama alikomba chumvi Bagamoyo karibu maisha yake yote. Likizo za shule nilikuwa napelekwa kwake, na alfajiri tunakwenda naye majarubani kabla jua halijawa kali. Maji ya bahari yanaingizwa jaruba la kwanza, yanakaa, yanahamishiwa la pili, yanakaa tena, na kadiri yanavyokauka ndivyo yanavyokolea. Mimi nilivutiwa na jaruba la mwisho, ambalo juu ya maji huanza kuelea vijipande vyeupe mfano wa paa la nyumba lililopinduliwa. Kila nikitaka kuingiza mguu, Bibi ananidaka mkono. "Yaache yatulie, mjukuu wangu. Ukiyatibua yatazaa unga."

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi. Chumvi ya kula haianzi kuganda mpaka maji yapungue yabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Kabla yake hutangulia jasi (jipsamu), ndiyo maana maji huhamishwa jaruba hadi jaruba, jasi ibaki nyuma na chumvi ije safi. Maji yakikolea taratibu huzaliwa mbegu chache za fuwele, vile vijipande vyenye kingo, na kila moja hupata nafasi ya kukua. Yakitibuliwa, au yakikaushwa kwa pupa, mbegu huzaliwa maelfu kwa mpigo, zikagombea chakula kilekile, mwisho hakuna inayokua. Bibi hakuwahi kuingia maabara ya kemia. Lakini haya niliyoyaandika hapa ni nusu nzima ya ujuzi wa kazi yangu, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Sasa naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na kazi yangu ni kristalografia upande wa kemia. Nyumbani wakiniuliza ninachofanya hasa, nawaeleza hivi: mkemia akitengeneza kitu kipya, au akikamua kitu kwenye mzizi wa mti, anabaki na unga kwenye kichupa na dhana kichwani. Anadhani molekuli yake ina sura fulani. Mimi namwonyesha sura yenyewe: kila atomu ilipokaa, na umbali wa atomu hadi atomu kwa usahihi wa chini ya sehemu moja ya mia ya ångström, ambayo nayo ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Ninachomdai ni kitu kimoja tu, fuwele. Ndani ya fuwele molekuli zimepangika safu kwa safu bila kukosea, na miale ya eksirei ikipita humo hutawanywa kwa mpangilio na kuacha madoa kwenye kigunduzi.

Eksirei ya hospitali ni kivuli cha mfupa, unautazama na unauona. Madoa yetu hayafanani na molekuli hata kidogo. Mgeni akiyaona anadhani ni picha ya nyota. Aliyekulia pwani ataelewa kwa nini kuyasoma ni kugumu. Tazama mawimbi mawili yakikutana karibu na mwamba. Yakifika yote yameinuka, yanajumlika kuwa wimbi kubwa. Moja likifika limeinuka na la pili limeinama, yanauana. Madoa yanatuambia kila wimbi lilikuwa na nguvu kiasi gani. Hayatuambii lilifika likiwa limeinuka au limeinama. Habari hiyo imepotea, na bila hiyo huwezi kurudi kutoka kwenye madoa hadi kwenye molekuli. Herbert Hauptman na Jerome Karle walipata njia ya kuikadiria kwa hesabu, wakapewa Nobel ya kemia mwaka 1985, na siku hizi programu kama SHELX, kazi ya George Sheldrick wa Göttingen, Ujerumani, hufanya kwa sekunde chache jambo ambalo zamani lilimla mtu miaka. Isabella Karle, mke wa Jerome, ndiye aliyeonyesha maabarani kwamba hesabu zile zinafaa kwa molekuli za kweli. Hakuwemo kwenye ile tuzo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilianza mwaka 2006, Cape Town, nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Kwa miezi minne nilihangaika kuunganisha shaba na molekuli moja ndefu niliyoitengeneza mwenyewe. Asubuhi moja nikakuta chini ya bika fuwele za buluu, kubwa, zenye kingo kali, zinang'aa. Nikaita wenzangu wote waje waone, hata wa maabara ya jirani. Msimamizi wangu akainama kwenye hadubini akatazama kwa muda, kisha akasema tupime kisanduku kwanza.

Kisanduku ni kile kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele. Kina urefu wa pande tatu na pembe tatu, na namba hizo sita ni kama alama za vidole. Kukipima huchukua dakika chache. Cha kwangu kilitoka na ujazo wa ångström za ujazo 360 na kidogo. Nilipoona namba ile miguu ililegea, maana molekuli yangu haiwezi kuenea humo hata ukiikunja. Tukaziingiza namba kwenye hazina ya miundo inayojulikana na jibu likaja papo hapo: salfeti ya shaba yenye maji matano. Mrututu. Kilekile wanachochanganya wakulima na chokaa kuzuia ukungu kwenye mimea. Ndicho nilichokuwa nimekitia kwenye bika kama malighafi, na kilikuwa kimejigandia chenyewe bila kuigusa molekuli yangu.

Nililia, na sioni aibu kulisema. Msimamizi akavuta kiti akaniambia kwamba mwaka 1912, huko Munich, Friedrich na Knipping walipotaka kulijaribu wazo la Max von Laue kwamba eksirei hutawanywa na fuwele, fuwele waliyoiweka mbele ya miale ilikuwa mrututu. Hakuna aliyewahi kufanikiwa kufanya hivyo kabla yao. Picha ile ya mwanzo ilikuwa na madoa yamevimba, hayapendezi kuyatazama, na ndiyo iliyozaa kazi yetu yote. Akaniachia hapo, akaenda kunywa chai. Kuanzia siku hiyo sijawahi kumwita mtu aje aone fuwele kabla sijapima kisanduku.

Baada ya Munich ikaja chumvi. William Bragg alikuwa profesa hapa Leeds kuanzia 1909 hadi 1915, na mwanawe Lawrence alikuwa Cambridge. Mwaka 1913 wakaonyesha kwamba ndani ya chumvi ya kula hakuna kitu kinachoitwa molekuli ya chumvi. Kuna sodiamu na klorini zimepishana kwa zamu, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, mpaka mwisho wa fuwele. Wakemia wengine walikataa kabisa; Henry Armstrong, mkongwe wa kemia ya Uingereza, alikuwa bado anapinga mwaka 1927. Lawrence alipata Nobel pamoja na baba yake mwaka 1915 akiwa na miaka 25. Nilipohamia mji huu nilipita nje ya chuo siku ya kwanza nikiwa na kijiko cha chumvi ya Bagamoyo mfukoni, kwenye karatasi. Sikuwa na sababu ya maana. Nilitaka tu chumvi ile ifike mahali ilikosomwa. Punje yake moja ya milimita, ukihesabu visanduku upande mmoja tu, vimepangana karibu milioni moja na laki nane.

Ngoja nieleze siku ya kazi, maana watu hudhani ni kubonyeza kitufe.

Mkemia analeta kichupa. Sharti langu la kwanza kwake ni asizikaushe fuwele, aziache ndani ya maji yake zilimozaliwa. Fuwele nyingi zina kiyeyushi, yaani kile kimiminika kilichoyeyusha unga, kimejibana katikati ya molekuli, na zikitolewa nje kinakimbia. Unaiona inakufa mbele ya macho yako. Ilikuwa angavu kama kioo, halafu ukungu unaanza pembeni, unasambaa, na ndani ya nusu dakika ni kitu cheupe kama kipande cha chokaa. Kwa hiyo nachukua tone la mafuta mazito, nalidondosha kwenye kigae cha kioo, navuta fuwele chache kwa sindano na kuzitumbukiza humo upesi. Mafuta yanaziba pumzi yake.

Chini ya hadubini naweka vioo viwili vinavyochuja mwanga na kuanza kuizungusha fuwele polepole. Fuwele iliyo moja hasa huzimika yote kwa wakati mmoja, ikawa nyeusi tii, kisha ikawaka yote tena. Ikibaki kona inayong'aa wakati kwingine kumezimika, hizo ni mbili zimeshikana, na ukijidanganya hapo utalipa baadaye wiki nzima. Nikipata iliyo safi naikata kwa wembe ikiwa kubwa mno. Hapo ndipo pumzi hushikwa. Zipo zinazokatika vizuri kama jibini, na zipo zinazopasuka vipande kumi, na mara nyingi inayopasuka ndiyo pekee iliyokuwepo. Ninayoitaka ni ya milimita 0.2 hivi kila upande. Naiteka kwa kitanzi cha nailoni chembamba kuliko unywele, naenda nayo mashineni, naipachika, na upepo wa naitrojeni wa nyuzi 173 chini ya sifuri unaipuliza. Mafuta yanagandamana kuwa kama kioo na fuwele haiwezi tena kutikisika. Kisha naisogeza kwa skrubu ndogondogo mpaka ikizungushwa isicheze hata kidogo kwenye msalaba wa kamera.

Halafu picha ya kwanza. Baada ya miaka yote hii bado moyo unanidunda pale. Madoa yakija ya mviringo, makali, mbali mpaka ukingoni mwa kigunduzi, najua tuna siku njema. Yakija yamevutika kama mikia, naishusha na kuanza upya. Kuna siku nimeanza upya mara kumi na moja.

Sehemu inayofuata wengi huiona nyepesi kwa sababu ni ya kompyuta, na kwangu ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya udaktari (PhD) nilichapisha muundo wa molekuli moja yenye nusu mbili. Miezi minane baadaye nikapata barua kutoka kwa mtu nisiyemfahamu, wa nchi ya mbali, ameandika kwa adabu kubwa. Aliniambia nimechagua simetria pungufu. Nusu zile mbili nilizozichora kama vitu viwili tofauti zilikuwa kitu kimoja kinachojirudia, na fuwele yenyewe ilikuwa imelisema hilo waziwazi. Kosa hili ni maarufu katika fani yetu. Richard Marsh wa California alitumia miaka mingi ya uzee wake kuyatafuta makosa ya namna hiyo kwenye majarida na kuyasahihisha, mpaka jina lake likageuka kuwa kitenzi: mwanakristalografia akisema "nimemarshiwa," wenzake wanajua yaliyomkuta.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliziona dalili. Urefu wa kiungo kimoja cha kaboni kwa kaboni ulitoka ångström 1.45, na pacha wake upande wa pili 1.60. Ukweli ulikuwa katikati, karibu 1.52 kwa vyote viwili, na hesabu ilikuwa inayumba huku na huku kwa sababu nililazimisha vitu viwili ambapo pana kimoja. Niliandikia aya nzima ya kueleza tofauti ile kwa nadharia niliyoitunga. Aya nzuri kweli, ina marejeo. Nilipoisoma tena baada ya barua nilihisi joto usoni. Niliandika masahihisho kwa jina langu na jarida likayachapa. Mwanafunzi yeyote anayefika kwenye meza yangu namwonyesha mambo yote mawili, ile aya na masahihisho yake, kabla hata hajawasha kompyuta.

Kuna jambo la sura. Molekuli ileile inaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja, na kila namna ni fuwele yenye tabia zake. Ritonavir, dawa ya virusi vya UKIMWI ya kampuni ya Abbott, iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 vidonge vikaanza kushindwa kipimo cha kuyeyuka. Molekuli haikuwa imeharibika hata atomu moja; ilikuwa imegundua mpangilio wa pili, tulivu zaidi, ambao hauyeyuki vizuri. Mpangilio huo ulipokwisha kuzaliwa, chembe zake zikawa mbegu, na ule wa kwanza ukawa hautengenezeki tena viwandani mle. Vidonge vikaondolewa sokoni, wagonjwa wakarudi kwenye dawa ya maji yenye ladha mbaya mpaka ilipopatikana njia nyingine. Mjomba wangu alikuja kutumia ritonavir pamoja na lopinavir, dawa nyingine ya virusi hivyo, miaka ya baadaye, kwenye vidonge visivyohitaji jokofu. Likizo moja nilikaa naye barazani, kopo lake liko mezani kwenye joto la Machi, nikawa naligeuzageuza mkononi. Akaniuliza natafuta tarehe ya kuisha? Nikamwambia hapana, Mjomba, natazama tu. Sikujua nianzie wapi.

Nisiposema habari za Dorothy Hodgkin nitakuwa nimewaficha mtu. Alizaliwa Cairo mwaka 1910, baba yake akafanya kazi Sudan, na alipokuwa msichana huko ndiko alikopewa kisanduku cha kemikali cha kupimia madini. Viungo vya mikono yake viliugua tangu ujanani na vidole vikapinda, lakini kwa mikono hiyohiyo alisoma muundo wa penisilini, akathibitisha mwaka 1945 duara la atomu nne ambalo wakemia wakubwa hawakulikubali, kisha akafumbua vitamini B12. Nobel ya mwaka 1964 ilimkuta Ghana, ambako mume wake alikuwa akifanya kazi. Picha yake ya kwanza ya insulini aliipiga mwaka 1935. Muundo ulikamilika 1969. Kila ninapohesabu miaka hiyo 34 naacha kulalamika juu ya fuwele ambayo haijaota tangu Januari.

Sasa niseme la binti wa Dar, maana ndilo lililonifanya niandike.

Anasoma udaktari wa kemia ya mimea. Alikuwa ametenga kitu kutoka kwenye magamba ya mizizi, na sura yake ameshaichora kwa msaada wa mashine ya sumaku, ndugu yake ile MRI ya hospitali. Alibakiwa na shaka juu ya kundi moja la oksijeni na haidrojeni: limeelekea juu ya molekuli au chini? Kwa mtu wa nje ni jambo dogo. Lakini dawa hufanya kazi kwa umbo. Artemisinini, ambayo kutokana nayo hutengenezwa dawa mseto tunayomeza kwa malaria, inaua vimelea kwa sababu ya oksijeni mbili zilizoshikana mkono kwa mkono mahali pamoja tu kwenye molekuli, na Wachina waliliona umbo lake lote kwa eksirei mwaka 1975.

Akanitumia fuwele kwa posta. Zilifika unga. Alizikausha vizuri, akazifunga kwa pamba, na kiyeyushi kilikuwa kimekimbia kabla ndege haijaruka. Nikampigia simu. "Shikamoo dada, zimefika?" Nikashindwa kumjibu moja kwa moja, nikaanza na habari za nyumbani. Mara ya pili akazituma ndani ya maji yake, kifuniko kikalegea njiani. Mara ya tatu alifunga kwa utepe ule wa mafundi bomba, mzunguko juu ya mzunguko, na zikafika hai: sindano nyembamba, upana wake sehemu moja ya mia ya milimita. Mashine yetu haikuona kitu. Nilipiga picha ya sekunde 120 kwa kila hatua nikapata madoa matatu hafifu.

Nikaziweka kwenye orodha ya safari yetu iliyofuata ya Diamond, sinkrotroni iliyoko Oxfordshire. Ni duara lenye mzingo wa zaidi ya mita 560 ambamo elektroni huzungushwa karibu na kasi ya mwanga, nazo zikipindishwa hutoa eksirei kali kupita kiasi. Afrika yote haina hata moja, na sitachoka kulisema hilo. Binti wa Dar anakamua mizizi ya nchi yake mwenyewe, halafu ili aijue oksijeni moja imeelekea wapi inabidi kitone cha kazi yake kivuke bara na bahari na kisubiri zamu usiku wa manane. Zamu yangu ilikuwa saa tisa usiku. Sindano ya kwanza iliungua kwenye miale. Ya pili iliteleza kwenye kitanzi. Ya tatu ikatoa madoa, mengi, mpaka pembeni. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekaa peke yangu naitazama ramani ya elektroni ikijitokeza kwenye skrini, vilima juu ya vilima, na oksijeni ile ilikuwa upande wa chini. Alikuwa ameichora juu.

Nilisubiri kupambazuke Dar, kisha nikakumbuka huko kumeshapambazuka zamani. Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Basi sura nzima ya nne ya tasnifu naiandika upya." Akauliza kama mkono wa molekuli nao umejulikana, maana molekuli yake, kama kiganja cha kulia na cha kushoto, ina pacha wake wa kwenye kioo. Muda wa kukabidhi tasnifu ulibaki wiki tano. Ningeweza kusema ndiyo. Molekuli dada zake zote za mimea ya jamii ile ni za mkono mmoja, na binti asingepingwa na mtu. Lakini eksirei ya mawimbi mafupi ikipita kwenye molekuli yenye kaboni, haidrojeni na oksijeni peke yake haioni tofauti ya mikono kwa uhakika. Bijvoet alipolifanya jambo hilo mara ya kwanza kabisa, mwaka 1951, alitumia fuwele yenye rubidi, atomu nzito. Nikamwambia data zangu hazisemi. Aandike kwamba ameuchukua mkono huo kwa kufananisha na molekuli hizo dada, aseme hivyohivyo, na mtahini akiuliza amwonyeshe namba. Nilisikia sauti yake ilivyoshuka. Baada ya muda akaniuliza: je, akiifunga atomu ya bromini kwenye ile oksijeni?

Si moja kwa moja, nikamwambia, lakini kipo kikundi kidogo chenye bromini kinachoweza kufungwa pale. Tulikaa kwenye simu saa nzima tukipanga. Bromini ina elektroni 35, kaboni ina 6. Kwa tofauti hiyo mkono utaonekana bila ubishi.

Tasnifu aliikabidhi kwa wakati, ikiwa na sentensi ile kama tulivyokubaliana. Bromini imemchukua miezi saba zaidi, na amefanya baada ya kazi, jioni, kwa kupenda kwake. Juzi Ijumaa amenitumia picha: rafu ya maabara, kichupa kimefunikwa kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa kwa sindano ili kiyeyushi kitoke taratibu. Nikaikuza picha. Pembeni mwa kioo, chini, kuna kitu kimeshika mwanga, kina kingo. Ameandika chini yake kwamba AC imezimika tangu asubuhi, joto limepanda, na anataka kukihamishia chumba kingine.

Nikamwuliza matobo mangapi. Matatu, akasema. Nikamwambia azibe mawili, akiache kichupa palepale kilipo, asikiguse mpaka Jumatatu.